Ratiba ya redio ifuate maji: kutengeneza vipindi vya jamii ya pwani

Kipindi cha kina mama saa nne asubuhi, kila Jumatano. Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro: chai imeshanywewa, watoto wako shule, jua halijakaza. Lakini katika pwani ya Tanzania maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu kuliko siku nyingine, hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Muda huo mkulima wa mwani yuko shambani kwake baharini, maji magotini, na mchokoa pweza yuko juu ya mwamba na kijiti chake. Redio inaongea nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Wiki inayofuata maji ni mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, saa nne bahari imejaa, na kipindi kilekile kinapata wasikilizaji wake wote. Mtayarishaji asiyelijua hili hubaki akijiuliza kwa nini wiki moja simu zinamiminika na nyingine kimya, kisha anamlaumu mtangazaji.

Kwa hiyo anayeanza kazi katika redio ya jamii ya pwani, iwe Pangani, Micheweni au Makunduchi, aanze na jedwali la kupwa na kujaa kabla hajachora ratiba ya wiki. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na kilele chake huwa siku moja au mbili baadaye. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4 wakati huo. Maji yakiwa mafu ni kama mita 1 tu. Wazee wa bahari hawahitaji karatasi, wanauliza tu mwezi ni wa ngapi leo. Studio inahitaji karatasi, ibandikwe ukutani mbele ya mtangazaji.

Karatasi hiyo ina mtego. Jedwali huandikwa kwa saa 24, na mtangazaji anayesoma haraka huona 10:00 akasema "saa kumi". Anayemwamini atashuka pwani alasiri akute bahari imejaa. Dawa ni mtu mmoja kukaa Jumamosi na kugeuza wiki nzima kwa kalamu: toa sita, toa kumi na nane kuanzia 19:00, au ongeza sita kwa saa za usiku wa manane na alfajiri. 10:24 iwe saa nne na dakika 24 asubuhi, 16:40 iwe saa kumi na dakika 40 alasiri, 04:10 iwe saa kumi na dakika 10 alfajiri. Mtangazaji asipewe kabisa ile karatasi ya asili. Jambo jingine ni kwamba jedwali hupimwa kwa bandari fulani. Ndani ya mkono wa bahari au juu ya mlango wa mto maji huchelewa kufika. Waulize wavuvi wa kila kijiji maji yanachelewa kwa dakika ngapi, na uandike pembeni.

Baada ya hapo vipindi vinavyowahusu watu wa bahari vinawekewa ratiba mbili, ya bamvua na ya maji mafu. Vingine vyote, yaani habari, vipindi vya dini, vya wanafunzi, vibaki palepale. Ukivihamisha vyote msikilizaji anapotea. Kipindi kinachohama kitangazwe jana yake jioni na asubuhi ya siku yenyewe, pamoja na sababu: "Kesho kina mama tunakutana saa kumi na moja jioni, maji yanapwa asubuhi." Kama wafanyakazi ni wachache na ratiba mbili ni mzigo, weka marudio saa tatu usiku. Si dawa kamili, ila ni afadhali kuliko kuzungumza na ukuta.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda yao. Hao huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika kwa sababu taa haivuti samaki. Kipindi chao cha mjadala kiwekwe usiku wa mbalamwezi, wakiwa barazani. Siku za giza wape dakika tano za habari fupi saa kumi na mbili jioni, kabla hawajasukuma vyombo: upepo, mawimbi, bei ya ndoo sokoni. Misimu nayo ina neno lake. Kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, ngalawa nyingi za upande unaopigwa na upepo hulala ufukweni, na huo ndio wakati wa kurekodi mahojiano marefu na watu wa bahari. Usiwafuate siku za matlai, bahari imetulia na kila mtu anakimbilia riziki. Watakujibu maneno mawili.

Kuhusu utabiri wa hali ya hewa, kanuni ni moja na haina msamaha: usirekodiwe ndani ya kipindi. Kipindi hurudiwa, na utabiri wa jana ukisikika leo unaweza kuua mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa lugha kama "upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2". Usome hivyo hivyo, moja kwa moja kutoka studio, ukitaja tarehe na saa uliyotolewa, kisha ndipo ufafanue kwa lugha ya mvuvi. Ukianza na ufafanuzi, takwimu husahaulika.

Kurekodi nje ya studio

Upepo wa pwani ndio adui wa kwanza wa maiki. Sponji nyeusi inayokuja na kinasa sauti haitoshi; unahitaji manyoya, na ukikosa ya dukani, kipande cha kitambaa chenye manyoya marefu kikishonwa kama soksi kinafanya kazi vizuri. Kaa nyuma ya ubavu wa ngalawa au ukuta wa banda, mgongo wako uukinge upepo, washa kichujio cha sauti nzito kama chombo kinacho, kwenye 80 au 100 Hz. Maiki ikae shubiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo, isielekezwe katikati ya midomo, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka. Kiwango cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri imekwisha kuharibika, na hakuna programu itakayoirudisha.

Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, 44.1 kHz, biti 16. Dakika moja ya stirio hula kama megabaiti 10, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 16 hubeba zaidi ya saa 24. Hakuna sababu ya kubana kwa MP3 tangu mwanzo. Simu zote ziwekwe hali ya ndege. Ule mkoromo unaosikika sekunde chache kabla ya simu kuita huingia kwenye rekodi na hautoki. Hedifoni zivaliwe muda wote wa kurekodi. Vijana wengi huziona kama mapambo, wakirudi studio ndipo wanagundua waya ulikuwa umelegea.

Chukua mfano wa kina mama wanaopiga makumbi. Makumbi ya nazi yamefukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, sasa yamefukuliwa, yananuka vibaya, na yanapigwa kwa rungu mpaka nyuzi zitoke za kusokota kamba. Marungu yanapokezana, na mara nyingi wimbo unapanda juu yake. Mtayarishaji mgeni hufika, akasimamisha kazi, akawaomba wakae kwenye jamvi na kumweleza umuhimu wa zao la nazi. Anarudi na sauti tano zinazoongea kama risala kwa mgeni rasmi. Fanya hivi: simama hatua kumi na tano nyuma, rekodi dakika mbili za mahali pote bila kusema neno. Sogea hadi mita moja kutoka mikononi mwa mama mmoja, dakika mbili nyingine. Hapa punguza kiwango, pigo la rungu hupanda ghafla kuliko sauti ya mtu. Kisha subiri. Mmoja akipumzika kunywa maji, kaa naye chini, shubiri moja, umwombe akuonyeshe: nyuzi ipi imeiva, ipi bado, unajuaje. Mtu anayeonyesha kitu mkononi mwake husema kwa maneno yake mwenyewe. Mwishoni chukua dakika moja ya utulivu wa pale pale, kazi imesimama. Dakika hiyo ndiyo itakayoziba nyufa zote utakapokata na kuunga, na wanaoisahau hujulikana mara moja: kila baada ya sentensi kunasikika shimo.

Halafu ile tamaa ya kuweka sauti ya mawimbi chini ya kila mahojiano. Wimbi linalopasuka ufukweni, likipita kwenye spika ndogo ya redio ya kijijini, husikika sawasawa na mkwaruzo wa stesheni isiyokamata. Msikilizaji anaanza kuzungusha antena. Ukitaka bahari isikike, rekodi maji yanayobembea ubavuni mwa mtumbwi, kamba ikilia kwenye mlingoti, miguu ikitembea ndani ya maji ya kupwa. Kabla kipindi hakijaenda hewani kisikilizwe kwenye redio ya bei rahisi kuliko zote ofisini. Spika hizo hazitoi besi, na ngoma kubwa iliyokusisimua kwenye hedifoni hupotea, ukabaki na makofi na manyanga.

Chumvi inakula vifaa kimyakimya. Vichwa vya waya na matundu yake vifutwe kwa spiriti kila baada ya kutoka pwani, betri zitolewe, kinasa sauti kikae kwenye chombo cha plastiki kinachofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Vitatu vinne vinatosha.

Kwa kipindi cha dakika 30, hesabu dakika 26 za maudhui. Nyingine huliwa na utambulisho, matangazo na salamu za lazima. Ukurasa wa A4 wenye maneno 300 huchukua kama dakika tatu kwa mtangazaji asiyekimbia. Anza na sekunde 20 za sauti ya mahali bila mtu kusema, na usiweke sauti ya mtu mmoja zaidi ya dakika mbili mfululizo, isipokuwa msimulizi wa kweli. Hao wapo, na ukimpata mwache aende.

Muziki

Taarabu isirekodiwe harusini kama unaweza kuikwepa. Kuna spika za kukodi zinazopiga kelele, kuna tuzo, kuna vigelegele karibu na maiki. Nenda kwenye mazoezi ya kikundi. Kinasa sauti kiwe mita 3 mbele, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa, na kama ni kimoja tu usihamishe chombo, hamisha wapigaji: kanuni na udi mbele, fidla pembeni, kodiani hatua mbili nyuma, dumbaki nyuma kabisa. Fanya majaribio wakati waitikiaji wote wanaimba kibwagizo, si wakati mwimbaji yuko peke yake, na acha kilele kwenye -12.

Wimbo wa taarabu unaweza kwenda dakika 10 hadi 15, na hapa ndipo redio nyingi hufanya ukatili wa kuuzima katikati ya beti ili kupisha tangazo. Mashairi yana maana inayofungwa mwishoni mwa beti. Ukikata kabla, umetukana mtunzi na msikilizaji pia. Kata mwishoni mwa kibwagizo, au uupange usiku upigwe mzima. Nyimbo za kale zina nafuu: santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zilibeba kama dakika 3 kila upande, kwa hiyo waimbaji walijibana wenyewe, na leo zinakaa vizuri katikati ya kipindi cha mchana.

Ngoma za wazi ni habari nyingine. Msewe wa Pemba una njuga za miguuni, na ukisogea sana utapata njuga tupu. Mita 5, upande wa waimbaji, panatosha. Ngoma za unyago na za kupunga pepo hazirekodiwi kwa sababu tu umeruhusiwa kuingia. Ruhusa ya kusikiliza na ruhusa ya kurusha hewani ni vitu viwili, na ya pili aitoe mwenye ngoma, si mjumbe wala diwani. Mwezi wa Ramadhani muziki wote wa ngoma husimama, nafasi yake huchukuliwa na kasida na mawaidha, na muda wenye wasikilizaji wengi huhamia baada ya futari na wakati wa daku. Andaa akiba ya mwezi mzima tangu Shaaban.

Haki za watunzi husimamiwa na taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar. Daftari la studio liwe na jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, kikundi, na dakika zilizopigwa. Vikundi vya kijijini visivyosajiliwa viandikiwe makubaliano ya ukurasa mmoja: redio itapiga kwa muda gani, itauza au haitauza, na kikundi kipewe nakala yake siku hiyo hiyo. Nakala hiyo huzuia ugomvi mwingi.

Viumbe na mazingira

Kipindi cha mazingira huharibika kinapogeuka hotuba. "Tupande mikoko" imesemwa sana redioni, na miche mingi imekufa kwa sababu tangazo halikusema mti upi na wapi. Mlilana husimama mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenye mizizi ya magongo hukaa katikati, mkandaa na mchu huvumilia chumvi ya nyuma karibu na nchi kavu, ingawa mchu huonekana kwingine pia. Ukichoma vijiti vya mkoko mbele ya mlilana, maji huvifunika muda mrefu mno na mawimbi huving'oa. Kipindi kizuri hapa ni mtu anayeijua mikoko, tope hadi kwenye mashavu ya miguu, akitaja kila mti kwa jina la kijiji chake na kazi yake: huu mataruma ya chombo, ule boriti, ule kuni. Majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, basi taja yote mawili; wasikilizaji watapiga simu kukusahihisha, na marekebisho yao ni kipindi cha wiki ijayo.

Popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani, hulala mchana kwenye miti ya Kidike, na hawalali kimya. Ni rahisi kurekodi kuliko ndege: weka kinasa sauti kwenye jiwe, kibonyeze, ondoka mita 10 na ukae kimya dakika 10. Usibaki karibu; kanga, viatu vya plastiki na tumbo lenye njaa vyote husikika. Ndege warekodiwe alfajiri kabla upepo haujaamka, na kabla ya pikipiki.

Kuna mambo ambayo redio haipaswi kuyasema hata ikiyajua. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani kimebaki mchanga unaofunikwa na maji ya bamvua, kwa hiyo mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, na makinda hutoka baada ya miezi miwili hivi. Zungumza na walinzi wa viota, eleza jinsi ya kuhamisha mayai bila kuyageuza, lakini usitaje kiota kiko wapi. Vivyo hivyo majina ya miamba yenye samaki. Na mwamba uliofungwa kwa ajili ya pweza, kwa kawaida miezi mitatu, ni mtihani mkubwa zaidi: ukitangaza siku ya kufungua mapema, wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi, na wanunuzi watafika kutoka mbali, na pweza waliotunzwa na kijiji kimoja watakwisha asubuhi moja. Kamati ya kijiji ndiyo iseme itangazwe lini na kwa maneno gani. Redio nyingi hupenda kuwa za kwanza kutoa habari. Hapa kuwa ya kwanza ni kuwaibia majirani zako.

Simu za wasikilizaji hutawaliwa na wanaume walewale sita. Wanawake wengi hawana salio, au simu iko mfukoni mwa mume. Waruhusu wabipu, studio iwapigie. Tenga simu tatu za mwanzo kwa kina mama, useme wazi hewani kuwa ndivyo ilivyo. Sauti za WhatsApp zinafaa pia, zisizidi dakika moja, mtumaji akiwa ndani ya nyumba mbali na feni. Na kila anayepiga aambiwe azime redio yake kwanza. Asipozima sauti itazunguka na kulia, na utapoteza dakika nzima kumwelekeza.

Rekodi zihifadhiwe kwa jina lenye mwaka, mwezi, siku, kijiji na jambo, kwa mpangilio huo huo kila mara, nakala mbili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Mzee aliyerekodiwa akifariki, sauti yake isirushwe kabla ya arobaini, na baada ya hapo familia iulizwe. Wengi hukubali, na huomba nakala. Diski ikijaa, vya kwanza kufutwa ni hotuba za wageni rasmi. Zile dakika mbili za marungu ya makumbi ziachwe.